Kukesha Si Kusoma

Muulize mzazi wa Matai au Laela, mkoani Rukwa, aliyeuza mahindi ili mwanawe aende chuo, kijana anaendeleaje na masomo. Hatakutajia somo hata moja. Atakwambia, kwa sauti ya mtu asiyejutia magunia yake, kwamba kijana anakesha. Simu yenyewe ya mwisho wa wiki huwa fupi. "Shikamoo baba." "Marahaba mwanangu. Masomo?" "Tunakomaa nayo, baba. Siku hizi tunakesha." "Haya, komaa hivyohivyo, Mungu atasaidia." Vocha haijaisha lakini maongezi yamekwisha, na kila upande umeridhika.

Imani hii ni ya wote. Wazazi wanayo, wanachuo wanayo, na wakufunzi wanaihubiri wakikumbuka enzi zao. Inasema hivi: msomi hupimwa kwa saa alizokaa kitini, na zile za usiku zina thawabu zaidi. Aliyefaulu alikesha, aliyepata sapu alilala. Kipanga ni yule ambaye taa ya geto lake huzimika mwisho pale Chanji au Katandala mjini Sumbawanga, na asubuhi huingia darasani na macho mekundu asiyohangaika kuyaficha. Nchi nzima inakijua kisa cha beseni, kwamba ukitumbukiza miguu kwenye maji ya baridi usingizi unakimbia. Sumbawanga iko mita 1,800 hivi juu ya usawa wa bahari. Juni ikishaingia, huku beseni si lazima, sakafu inatosha.

Naipinga imani hii, na siipingi kwa kuwahurumia vijana. Naipinga kwa sababu inawafelisha watu wenye bidii, kisha inawaambia bidii yao haikutosha.

Tumtazame mwanafunzi wa utabibu usiku wa kuamkia mtihani. Mezani kuna desa aliloazima kwa mwenzake wa mwaka wa juu, limepakwa hailaita ya njano mpaka mistari isiyopakwa ndiyo inayojitokeza. Amefika kwenye ukurasa wa mtoto aliyeishiwa maji mwilini kwa kuharisha: Mpango A, Mpango B, Mpango C. Anausoma. Anaurudia. Mara ya tatu macho yanapita bila kukwama popote, na mara ya nne analijua neno linalofuata kabla hajalifikia. Anafunua ukurasa mwingine akiwa na amani. Hii imeingia.

Haijaingia. Alichokipata ni mazoea ya kuuona ukurasa. Funika hilo desa, mpe karatasi tupu na kalamu, kisha mwulize: mtoto ana kilo 8, macho yamedidimia, hatulii, anakunywa kwa pupa, ngozi ya tumbo ukiifinya inarudi polepole, utampa nini, kiasi gani, kwa muda gani? Jibu ni Mpango B: ORS, mililita 75 kwa kila kilo, yaani mililita 600, ndani ya saa 4, kisha unamchunguza upya uamue mpango unaofuata. Mkeshaji wetu atakumbuka kwamba kuna 75 mahali fulani, upande wa kulia, karibu na pale chai ilipomwagika. Kama ni 75 kwa kilo au 75 kwa saa, hapo ndipo jasho linapoanza kumtoka. Na mwakani anaweza kuwa peke yake kwenye zahanati ya bonde la Ziwa Rukwa, kipindupindu kimeingia, mama amesimama mlangoni na mtoto mgongoni, na lile desa lilisharudi kwa mwenyewe.

Jambo hili limepimwa, tena kwa uangalifu. Mwaka 2006, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Chuo Kikuu cha Washington kilichoko St. Louis, Marekani, waliwapa wanachuo makala fupi ya sayansi. Kundi moja liliisoma kwa vipindi vinne. Kundi jingine liliisoma kwa kipindi kimoja tu, kisha mara tatu likaandika kila linachokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika 5, waliosoma vipindi vinne waliongoza: walikumbuka asilimia 83, wenzao asilimia 71. Baada ya wiki moja hali ikageuka. Wale wa kurudiarudia walibaki na asilimia 40, na wale wa kujiuliza na asilimia 61. Kilichonigusa zaidi ni kingine. Walipoulizwa mapema kila mmoja anadhani atakumbuka kiasi gani wiki ijayo, waliojiamini zaidi walikuwa haohao waliokuja kusahau zaidi.

Sitaki kuzificha namba za dakika 5, maana ndizo zinazoipa imani ya kukesha uhai wake. Kumeza usiku na kutapika asubuhi kunaleta alama. Kwa hiyo anaponiambia mtu "mimi nilikesha nikafaulu," simbishii. Alifaulu kweli, mtihani ulikuwa saa tatu asubuhi. Mwulize mwezi ujao, muhula wa pili unapoanza na mada mpya zimejengwa juu ya zile za kwanza, ndipo utakapoona kwa nini vijana wanaotoka mtihani wakicheka huja kudisko mwaka unaofuata bila kuelewa kilichowapata.

Kwa mwanachuo wa ualimu deni hili hudaiwa hadharani. Amekwenda mazoezi ya kufundisha kwenye shule ya msingi, andalio la somo limepangika, zana ziko mezani, mwandiko wa ubaoni unavutia. Anafundisha kugawanya sehemu: theluthi mbili gawanya kwa nusu. Geuza ya pili, zidisha, unapata moja na theluthi. Mtoto wa mbele ananyoosha mkono. Mwalimu, mbona tumegawanya halafu jibu limekuwa kubwa? Mwalimu anajua kanuni neno kwa neno. Kwamba swali ni nusu ngapi zimo ndani ya theluthi mbili, na kwamba jibu ni moja na kitu, hilo hakuwahi kuulizwa na mtu, wala hakujiuliza, ingawa ukurasa wenyewe aliukesha usiku mzima. Atamwambia mtoto akae chini asivuruge darasa. Miaka kumi baadaye yule mtoto naye atakuwa chuoni, akikesha.

Tuje kwenye muda. Mkeshaji anaamini saa nane za usiku mmoja ni sawa na saa moja ya siku nane, hesabu ni ileile. Mjerumani Hermann Ebbinghaus, aliyejifanyia majaribio mwenyewe kwa kukariri silabi zisizo na maana na kuchapisha matokeo mwaka 1885, alionyesha kwamba sivyo: sehemu kubwa ya tulichokariri hutoweka mapema, na marudio yaliyotawanywa siku kadhaa hushinda marudio mengi ya kikao kimoja. Mkulima wa Ufipa hahitaji Mjerumani kulielewa hili. Mvua zinapoelekea ukingoni hukata majani, huyafukia kwenye vilima vya ntumba na kuyaacha yaoze. Msimu unaofuata huvibomoa na kuusambaza udongo ule ulioiva apande ulezi. Hakuna anayefukia majani Jumatatu akapanda Jumanne. Lakini mjukuu wa mkulima huyohuyo, akishafika chuo, anataka kufukia saa nne usiku na kuvuna saa tatu asubuhi.

Mwaka 2013 John Dunlosky na wenzake wanne walichapisha mapitio ya mbinu 10 za kusomea. Mbili zilipata daraja la juu: kujipima na kutawanya masomo. Kupaka rangi mistari, kusoma tena na tena, na kuandika muhtasari zilipata daraja la chini. Linganisha orodha hiyo na kinachofanyika geto usiku wa mtihani. Tumechagua, kwa moyo wote, zile za chini.

Na usingizi? Hapa watu hudhani ninawatetea wavivu. Mwaka 2003 Hans Van Dongen na wenzake walichapisha matokeo ya majaribio ya watu waliopunguziwa usingizi. Waliolala saa 6 kwa usiku, siku 14 mfululizo, walizorota akili kiasi cha mtu ambaye hajalala kabisa usiku mzima, ilhali wenyewe waliona wako sawa, wamechoka kidogo tu. Hiyo ni saa 6. Mkeshaji wetu hulala mbili au tatu, tena kwenye kiti. Yaliyosomwa mchana hutulia kichwani mtu anapolala. Anayeukata usingizi ili aongeze kurasa anakata kazi ambayo kurasa zilezile zinaihitaji.

Najua majibu nitakayopewa. La kwanza ni la wazee: mbona waliosoma zamani, kina fulani wa shule ya Kantalamba, kina fulani wa seminari ya Kaengesa, walikesha na leo ni wakubwa? Tuanze na seminari, kwa kuwa ndiyo inayotajwa zaidi. Maisha ya seminari ni kengele. Kuna kengele ya sala, kengele ya shamba, kengele ya prepo, na kuna kengele ya kulala ambayo haina mjadala. Wanaoisifu kwa mkesha wamesahau kwamba waseminari wanalazwa. Na wale wa shule za kawaida waliokesha wakatoboa, wengi wao ukiwasogelea utagundua walikuwa wakiwafundisha wenzao. Kila jioni mtu mwingine aliwauliza, nao wakajibu bila daftari. Sifa ikaenda kwa taa.

Hata hivyo prepo ina lawama yake. Shule zetu za bweni, kwa ujumla wake, zimetulea kwenye saa za kukaa kimya na kitabu kilichofunguliwa, mwalimu wa zamu akipita kuangalia nani kainamisha kichwa. Anachokiangalia ni shingo. Mwanafunzi mwerevu hujifunza haraka kwamba kinachotakiwa ni kuonekana anasoma, na hufika chuoni akiwa bingwa wa kuonekana.

Jibu la pili lina uzito: mitihani yetu yenyewe inataka kukariri, tutafanyaje? Malalamiko haya si mapya. Nyerere aliyaandika mwaka 1967 katika Elimu ya Kujitegemea, akiulaumu mfumo unaomthamini mtu kwa uwezo wake wa kukumbuka mambo na kuyatoa kwa agizo ndani ya muda uliopangwa. Azimio la Musoma la 1974 likataka alama za maendeleo ya kila siku zihesabiwe. Nusu karne imepita na usiku wa mtihani bado ndio mfalme. Lakini tazama hoja hii inakoangukia. Hata mtihani wa kukariri kabisa, wa taja sababu tano, unakudai uzitoe sababu hizo kichwani bila kuziona. Zoezi linalofanana na kazi hiyo ni kuzitoa kichwani bila kuziona. Kuzisoma ni zoezi la kazi nyingine. Kwa hiyo hata tukikubali kwamba mtihani ni mbovu, kukesha na desa bado ni maandalizi mabovu ya mtihani huo mbovu.

Lipo jambo ambalo wapinzani wangu hawalisemi sana, na ningekuwa upande wao ningeanza nalo. Kijana wa Mpui au Namanyere amesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, nyumbani wanaongea Kifipa, kidato cha kwanza akakutana na Kiingereza katika kila somo isipokuwa Kiswahili chenyewe. Sentensi asiyoielewa atafanya nini nayo? Ataimeza nzima, na nukta zake. Kukariri kwake hakukuanza na uvivu. Ilikuwa njia pekee ya kuvuka. Huyu humwambii tu "acha kukariri" halafu ukaenda zako. Umwambie afunge daftari na kumweleza mwenzake kwa Kiswahili, au kwa Kifipa wakitaka, kwa nini mtoto yule anapewa maji kwa kilo zake. Akikwama, amejua asichokijua. Akishaeleza bila kukwama, ndipo aandike kwa Kiingereza, sentensi zake mwenyewe, hata zikiwa na makosa. Nimeona wakufunzi wakiwakataza wanachuo kujadiliana kwa Kiswahili ili "wazoee lugha." Wanazoea kunyamaza.

Jibu la tatu ni mazingira. Umeme unakatika, maktaba ni ndogo, intaneti ya kusuasua. Ni kweli, na mkoa wetu una historia yake: kwa miaka mingi Sumbawanga ilikuwa nje ya gridi ya Taifa, ikitumia umeme ulionunuliwa Zambia. Lakini hoja hii inamgeukia anayeitoa. Kinachohitaji umeme mpaka alfajiri ni kukesha. Karatasi yenye maswali kumi uliyoyaandika mwenyewe jana haihitaji taa wala bando. Unaitoa mfukoni ukisubiri daladala, ukipanga foleni bombani, ukipuliza mkaa.

Na bando lenyewe limezaa ugonjwa mpya. Fungua simu ya mwanachuo yeyote uone kundi la darasa la WhatsApp: madesa ya PDF mamia, mitihani ya nyuma ya miaka kumi, vitabu vizima. Kila faili linapoingia mtu anapumua, kana kwamba kulipokea ni kulisoma. Sasa kuna pia akili mnemba, ambayo ukiitupia swali inakupa jibu lililonyooka kabla hujajiumiza kulitafuta. Iambie ikuulize maswali matano na isitoe majibu mpaka ujaribu, itafanya hivyo pia. Sijakutana na wengi wanaoiomba.

Ninalotaka kulikazia zaidi ni haki. Imani ya kukesha ina jinsia na ina tabaka. Diskasheni ya saa tano usiku inayoisha saa nane inamfaa kijana wa kiume mwenye geto jirani. Binti anayepanga Izia atarudije peke yake saa nane za usiku? Asipokwenda, anaambiwa hayuko siriasi. Mama mwenye mtoto mchanga anakesha kila siku, ila si kwa kitabu, na hakuna anayempa sifa. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 1992, kina kituo mkoani Rukwa, na wanaosoma huko wengi ni watu wenye kazi: mwalimu anayesahihisha madaftari mpaka jioni, muuguzi wa zamu. Hawa wana saa moja, labda moja na nusu. Ukiwaambia kwamba kusoma ni kukesha, umewaambia wasiombe hata kujaribu. Ukiwaambia ukweli, kwamba dakika 40 za kujiuliza kila siku zina thamani zaidi kuliko usiku mzima wa Ijumaa, umewapa nafasi waliyostahili tangu mwanzo.

Diskasheni nayo ina haki ya kutetewa, ikifanyika mchana na ikifanyika sawasawa. Ya kwetu mara nyingi ni kipanga mmoja anayehutubia na sita wanaotikisa vichwa. Faida yote inamwendea yeye, maana ndiye pekee anayejibu. Mgeuze awe muulizaji, na yule anayeitwa kilaza ashike chaki. Ataona aibu siku mbili za kwanza. Wiki ya pili hatakuwa kilaza.

Kwenye nguzo za umeme za Dar es Salaam kuna vibao vya "mganga kutoka Sumbawanga" anayeahidi kurudisha mpenzi, kusafisha nyota na kufaulisha mitihani. Tunavicheka, na sisi tulioko huku tunavichukia kwa kutuharibia jina. Lakini anayeamini kwamba macho mekundu yatamfaulisha naye anangoja matokeo kutoka kwenye mateso, bila kuuliza mateso hayo yanafanyaje kazi. Wa nguzoni angalau anaacha namba ya simu.

Mwanafunzi peke yake hawezi kuubadilisha utaratibu huu wote, na sitaki abebeshwe mzigo wa kila mtu. Mkufunzi anaweza, kesho asubuhi, bila waraka wa wizara. Maswali matatu ubaoni mwanzoni mwa kipindi: moja la jana, moja la wiki iliyopita, moja la mwezi uliopita. Hakuna alama, hakuna kukusanya karatasi. Kila mtu anaandika, kisha wanasahihishana. Ataniambia mtaala ni mrefu na muda hautoshi. Kipindi cha saa mbili huanza kwa kuita majina, kusubiri waliochelewa na kutafuta dasta. Maswali matatu yanaenea humohumo wakati majina yanaitwa, na wale waliochelewa kwa sababu walikesha watayakuta yamefutwa.